Baiskeli Iliyotolewa kwa Adabu

Hamadan, 3 Khordad

Kaka Arjang,

Kichochoro chetu kizima kinakusalimu, hata wale uliogombana nao kwa sababu ya kelele za nyundo. Mama anasema usivue fulana ya ndani. Nimemwambia Zabol watu wanaungua kwa jua, akajibu kwamba jasho likipigwa na upepo ndipo mtu anapougua kifua. Ujumbe nimeufikisha, mengine utajua mwenyewe na kifua chako.

Nakuandikia kwa sababu jambo hili halielezeki kwenye simu ya kambi yenu ya jeshi, dakika mbili huku mwenzako akigonga mlango. Mbio za baiskeli za kushuka Mlima Alvand zimepangwa siku ya mwisho ya mwezi wa Mordad, kutoka kituo cha juu cha magari ya kuning'inia kwenye waya hadi Ganjnameh chini. Mwaka huu kuna fungu la wanawake, na wawili wa kwanza wanaingia timu ya mkoa. Nataka kuwa mmoja wa hao wawili. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nilipokuwa mdogo nikitaka meno ya mbele.

Tatizo unalijua. Ni pale penye mawe, palepale nilipoanguka mwaka jana. Daktari amesema mfupa wa kifundo cha mkono umeunga vizuri, lakini nguvu haijarudi yote. Gurudumu la mbele likigongwa na jiwe upande, usukani unanichomoka mikononi. Naushika kama mtu anayemshika kondoo wa kuchinja, na kondoo ndiye anayeshinda.

Mama naye ametoa sharti. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa: "Siku nitakayokuona unapita pale penye mawe na usukani umetulia, nitakungoja chini na chupa ya chai. Kabla ya hapo usinitajie mbio."

Sasa, Fundi Yaghub wa pikipiki amenipa shokapu ya usukani. Unaijua, ile fimbo fupi yenye mafuta ndani inayofungwa kwenye pikipiki za mashindano ili usukani usitikisike. Ilitoka kwenye pikipiki iliyogonga ukuta, lakini yenyewe haina hata mkwaruzo. Ukiisukuma polepole inakubali, ukiisukuma kwa ghafla inakataa. Nimempa mtungi wa achari ya vitunguu saumu ya Mama, ile ya zamani iliyokuwa nyeusi kabisa. Ameonja moja, akafumba macho, akasema nimepunjika.

Naifungaje kwenye baiskeli? Niandikie hatua kwa hatua kama kawaida yako, falsafa waachie wengine.

Mdogo wako,
Parastu

*

Zabol, 14 Khordad

Parastu,

Barua yako imefika na mchanga ndani. Upepo wa huku unafungua bahasha kabla ya mwenyewe. Fulana ya ndani nimevaa, mwambie Mama, nayo imegeuka msasa.

Ujue kwamba huku barua si mali ya mtu mmoja. Ikifika, bweni zima linakaa chini kusikiliza. Wasikilizaji wako wakuu ni Gholam-Nabi, Mbaluchi wa Khash anayelala kitanda cha chini yangu, na Sattar wa Ardabil anayelala popote. Sattar ameuliza, "Shokapu kwenye baiskeli? Kwenu mna wazimu au mna milima?" Nimemwambia vyote viwili.

Haya, kazi.

Anza na beringi za kichwa cha fremu. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, na kidole chako kiwe pale foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inapoingia kwenye fremu. Ukihisi inacheza, kaza kwanza. Shokapu haiponyi beringi iliyolegea, inaificha tu, na kilichofichwa kitajitokeza ukiwa kasi.

Fimbo ina ncha mbili. Ncha moja inakaa kwenye fremu, nyingine kwenye foki. Usitoboe fremu hata kwa ncha ya sindano. Nenda kwa mkerezaji vyuma akutengenezee kishikio cha alumini kinachozunguka bomba, na ndani yake uweke kipande cha tyubu ya zamani ili kisikwaruze wala kuteleza. Kaza kwa kiasi. Wewe ukishika spana unakaza kama unalipiza kisasi, na bomba lile ni jembamba.

Kisha geuza usukani hadi mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Foki lazima ifike mwisho wake kabla fimbo haijafika mwisho wa mwendo wake. Fimbo ikitangulia, usukani unajifunga katikati ya kona, na wewe utaendelea na safari bila baiskeli.

Mwisho, kile kitasa cha kurekebisha ugumu wa fimbo. Anza na laini kabisa. Ukiweka ngumu mno, penye kasi utafurahi, lakini kwenye kona za polepole baiskeli italala ubavu kama ng'ombe mzee.

Nipimie unene wa bomba na umbali kutoka bomba hadi mahali utakapofunga ncha ya foki, nikuambie kama fimbo inatosha.

Jambo jingine. Nimeambiwa likizo yangu ni wiki ya mwisho ya Mordad. Kwa hiyo nami nitashuka Alvand, fungu la wanaume. Baiskeli yangu iko chini ya shuka la buluu, na ibaki hapo. Kila upepo unapoanza nafumba macho na kuishusha, kona moja baada ya nyingine, hadi Gholam-Nabi ananiuliza kwa nini naegemea ukuta.

Kaka yako,
Arjang

*

Hamadan, 27 Khordad

Kaka,

Nilifuata kila ulichosema. Beringi zilikuwa zinacheza kidogo, nimekaza. Kwa mkerezaji nilikaa nikingoja zamu yangu kati ya wanaume waliobeba pampu za maji mbovu. Akaniuliza, "Hiki kishikio ni cha nini, dada?"

"Cha kutuliza usukani."

"Wa mume wako?"

"Wangu."

"Na wewe unatulizwa na nani?"

Nikamwambia nitamletea mama yangu aje amjibu. Kumbe alisoma naye shule. Akainama, akakereza vizuri sana.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nimefunga ncha ya nyuma chini ya bomba la juu, na ncha ya mbele kwenye bolti ya kishikio cha chini cha foki. Tyubu nimeweka, spana nimeishika kwa upole kama kijiko cha dawa. Ukiangalia unasema imetoka kiwandani.

Lakini sasa baiskeli inageuka kushoto tu. Kulia inakwenda kidogo halafu inagoma, kama mtoto aliyefika mlango wa daktari. Nimezunguka ua wetu kushoto hadi kuku wa jirani wakapata kizunguzungu. Alvand ina kona za kulia pia, nisaidie.

Shuka lako la buluu nimelifua na limekauka vizuri.

Parastu

*

Zabol, 9 Tir

Parastu,

Jibu la swali lako ni rahisi. Ulifunga fimbo ikiwa imebanwa yote. Legeza kishikio cha fremu, nyoosha usukani, vuta fimbo hadi ifike nusu ya mwendo wake, halafu ndipo ukaze. Itakuwa na nafasi sawa kushoto na kulia. Kwa vipimo vyako inatosha, na inabaki kidogo.

Sasa swali langu.

Umeandika "kishikio cha chini cha foki." Foki ya baiskeli yako ina kishikio kimoja tu, hakuna cha chini wala cha juu. Foki yenye vishikio viwili katika nyumba ile ni moja. Na unene wa bomba uliopima si wa fremu yako. Fremu yako naijua, mimi ndiye niliyeipaka rangi.

Nilikuwa bado najidanganya kwamba umepima vibaya. Gholam-Nabi, mtu wa maneno machache, akasema, "Shuka likifuliwa, kilichokuwa chini yake kinakuwa wapi?" Bweni lote likanigeukia.

Parastu, ni baiskeli gani?

Arjang

*

Hamadan, 18 Tir

Kaka,

Umenikamata. Sikanushi. Ila nisikilize kabla bweni halijaanza kelele.

Kumbuka kituo cha mabasi, asubuhi uliyoondoka. Mimi nalia, Mama analia, shangazi analia kwa kuwa wenzake wanalia. Nikakuambia, "Baiskeli yako itakaa mpweke." Ukaweka mkono kifuani, ukasema, "Baiskeli ni yako. Haina thamani mbele yako." Shangazi alisikia. Dereva alisikia, alikuwa ameshikilia begi lako. Mama akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Najua utasema ilikuwa taarofu tu, maneno ya adabu. Nimezaliwa hapa hapa kama wewe. Muuza vitambaa huniambia kila mara "chukua tu, ni zawadi," na sijawahi kutoka dukani kwake na kitambaa cha bure. Najua tunawaambia watu vitu vyetu ni vyao ili wakatae mara tatu na sisi tubaki navyo. Lakini mimi pale sikukataa hata mara moja. Nilinyamaza, wewe ukapanda basi, basi likaondoka. Sijui hapo sheria inasemaje.

Na sasa ukweli ambao sikutaka ukufikie huko mbali. Fremu ya baiskeli yangu imepasuka, chini ya rangi uliyoipaka, karibu na kichwa. Ni tangu nilipoanguka. Nimebandika juu yake stika ya ua ili Mama asione, maana akiona ndiyo mwisho wa mlima kwangu. Kwa hiyo ni baiskeli yako, au nikae pembeni ya njia nikiwapigia wengine makofi.

Nimefunga fimbo nusu ya mwendo kama ulivyosema. Jana nilishuka penye mawe. Kaka, jiwe lile kubwa liligonga gurudumu upande, nikakaza meno kungoja usukani unichomoke mikononi, na haukuchomoka. Ulisogea kidogo ukarudi, kama mtu aliyekanyagwa sokoni akaamua kusamehe. Nilifika chini nacheka peke yangu. Mzee mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma alinipa hindi bila kuuliza.

Kasirika ukimaliza kufikiri.

Parastu

*

Zabol, 29 Tir

Parastu,

Nilianza kukasirika kabla ya kufikiri, kwa hiyo nimechelewa kuandika.

Kwanza, ulishuka na fremu iliyopasuka? Mara ngapi? Usinijibu. Itoe nje ya nyumba, au ikate vipande, lakini usiikalie tena.

Pili, umeshtakiwa. Sattar alijifanya mwendesha mashtaka, akasimama juu ya sanduku: "Anayenyamaza mbele ya taarofu ni mwizi mwenye machozi." Gholam-Nabi akasema kwao mtu akisema ni yako, ni yako, na kwamba hajawahi kuelewa sisi watu wa milimani tuna shida gani. Mpishi alikuja na upawa wake mkononi akauliza kama pale kituoni ulilia kweli au ulilazimisha. Kelele zilipozidi Kapteni akaingia akidhani kuna uasi. Akaelezwa kesi. Akakaa kitandani kwangu, akavua kofia, akasema, "Mimi nilimwambia baba mkwe wangu nyumba yangu ni yake. Ana chumba, ana kasuku, na haondoki." Akavaa kofia akatoka. Kura zikalingana.

Kwa hiyo naamua mwenyewe. Fanyia mazoezi. Usiondoe shokapu, imefungwa vizuri. Lakini nikija ni yangu. Fungu la wanaume linaanza mara tu la wanawake linapoisha, na baiskeli haiwezi kuwa chini na juu ya mlima wakati mmoja.

Sisemi hivi kwa uchoyo. Au labda ni uchoyo, sijui. Niliiunda kipande kwa kipande, unakumbuka, magurudumu yalikaa chini ya kitanda majira mazima yakingoja fremu. Huku kila kitu ni cha serikali, hadi soksi. Nikiulizwa nina nini duniani, nina ile.

Kwa mbio tutafute ya kuazima. Muulize Fundi Yaghub.

Arjang

*

Hamadan, 5 Mordad

Mwanangu Arjang, nuru ya macho yangu,

Nimekutumia soksi ambazo si za serikali. Achari haipo, dada yako aligawa.

Mnaandikiana kama mawakili na mimi natakiwa nijifanye sijui. Huo ufa naujua tangu mwaka jana. Nani anafuta vumbi katika nyumba hii? Parastu hajawahi kupenda maua hata siku moja. Nilipoona ua limebandikwa kwenye baiskeli yake nilijua kuna kitu chini. Nilinyamaza nikisema ataacha mwenyewe. Hakuacha, akahamia yako.

Jumanne nilipanda na magari ya waya nikiwa na kiti changu cha kukunja, nikakaa penye mawe. Wapanda milima walinisalimu kama vile nimepotea. Alipokuja sikufumba macho, ingawa nilikuwa nimepanga kufumba. Mawe yalipiga lile gurudumu huku na huku, na mikono yake ilikuwa imetulia kama anabeba sinia la wageni. Kwa hiyo sharti langu limetimia, na neno langu silirudishi. Chai nitaipeleka.

Fundi Yaghub hana baiskeli ya kuazima. Ametafuta hadi kwa shemeji zake wa Malayer. Parastu hajakuambia kwa sababu hataki ujue.

Lakini kisicho changu siwezi kumpa. Nyinyi wawili amueni, na mkiamua msiniletee kura.

Mama

*

Zabol, 12 Mordad

Dada yangu mpendwa,

Likizo imefutwa. Dhoruba zimefukia barabara kwa mchanga, nguzo ya simu imeanguka, na sote tunabaki kuchimba hadi Shahrivar. Kapteni alitutangazia huku akitazama viatu vyake, kwa hiyo najua si mzaha.

Basi Alvand nitaishuka mwaka mwingine, na wewe hutakosa cha kupanda. Baiskeli ni yako. Haina thamani mbele yako, ni vumbi la miguu yako, naona aibu hata kuitaja. Ipande kwa raha, mdogo wangu, uipande kwa afya njema. Nafurahi kwa moyo wote.

Kaka yako asiyestahili,
Arjang

*

Hamadan, 18 Mordad

Kaka Arjang,

Pole kwa likizo. Mama alikuwa ameshaloweka maharagwe ya mchuzi wako wa majani. Aliyapika hivyo hivyo, na tukala kama tuko msibani.

Barua yako niliisoma uani, nikaisoma tena jikoni. Nikampa Mama, naye akanirudishia akisema, "Ana adabu sana, mwanangu." Hapo ndipo penye shida. Kila neno ndani yake ni la aina ile ya kituo cha mabasi. Haina thamani. Vumbi la miguu. Nafurahi kwa moyo wote. Kaka, wewe hujawahi kufurahi kwa moyo wote hata ulipofaulu mtihani. Ulisema "afadhali."

Mara ya kwanza nilinyamaza, na nimejuta. Safari hii nafanya inavyotakiwa. Hapana, haiwezekani, ni yako. Nakataa tena: haiwezekani kabisa, uitumie wewe kwa afya. Nimeisafisha na kuifunika.

Usajili unafungwa siku mbili kabla ya mbio. Nataka kushuka, hilo unalijua. Lakini mkono wangu huu hauwezi kushika usukani wa mtu anayesaga meno kule Zabol. Nitafika penye mawe, nitakufikiria, na shokapu haitulizi hilo.

Kama unanipa kweli, tafuta namna ya kusema ambayo mtu mwenye adabu hawezi kuisema.

Parastu

*

Zabol, 24 Mordad

Parastu,

Salamu sina.

Baiskeli ni yako. Na ina thamani. Ina thamani kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho, na kuliko kitu chochote ulichonipa wewe, maana nikikumbuka vizuri ulinipa soksi na surua. Kukupa kunaniuma. Tangu barua yako ifike chakula hakipiti, na hiki si chakula cha kukosa hamu kwa sababu ndogo, leo kulikuwa na kuku. Kama likizo isingefutwa nisingekupa. Ningekuja kuichukua pale juu mwanzoni mwa mteremko, mbele ya waamuzi.

Sifurahi kwa moyo wote. Nafurahi kwa robo, na robo hiyo ni kwa sababu ya lile jiwe kubwa.

Pedali si zako. Zifungue uziweke kabatini, utumie zako mbovu.

Foki upande wa kushoto inavuja mafuta. Nilijua kabla sijaondoka, sikumwambia mtu kwa sababu sikutaka isemwe vibaya. Badilisha ule mpira wa kuzuia mafuta kabla ya mbio, sio baada.

Kitasa cha shokapu kiweke katikati. Ukilegeza kwa woga, mawe yatakunyang'anya usukani. Ukikaza kwa kiburi, zile kona mbili za chini zitakulaza mbele ya watu wanaokula mahindi.

Umeshakataa mara mbili. Ukikataa ya tatu nitaikubali na baiskeli nitaichukua, sitanii. Kwa hiyo nyamaza kama ulivyonyamaza kituoni, maana ndicho kitu pekee cha akili ulichofanya siku ile.

Nikirudi nitaunda nyingine bora kuliko hiyo, na nitakupita mpaka uchoke kuona mgongo wangu.

Arjang

Barua hii anaileta Sattar. Amemaliza muda wake wa jeshi, hivyo amri ya kubaki haimhusu, anarudi Ardabil, na atapitia kwenu kwa kuwa nimemwambia Mama anapika. Ameisoma yote, akasema hajawahi kuona utovu wa adabu wa kiwango hiki, na ameniomba nimwandikie na yeye moja ya kumpelekea kaka yake mkubwa.

*

Hamadan, 1 Shahrivar

Arjang,

Sattar alifika siku ambayo usajili ulikuwa unafungwa. Mama alimkaribisha chakula, akakataa mara tatu kama alivyofundishwa kwao, halafu akala hadi Mama akaenda kuazima mkate kwa jirani. Mimi nilisoma barua yako nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye surua nilivaa viatu. Nilijisajili nikiwa nahema, karani akanisogezea maji.

Mpira wa foki nimebadilisha. Pedali ziko kabatini, nimezifunga kwenye kitambaa. Zangu mbovu zililia mlima mzima, watu walinisikia kabla ya kuniona.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Walitutoa mmoja mmoja. Juu kulikuwa na baridi. Kitasa niliweka katikati. Nikakigusa tena kuhakikisha, kisha nikajikanya nisikiguse.

Sehemu ya nyasi nilipita bila kuikumbuka. Nakumbuka kuingia penye mawe. Nilikuwa na kasi kuliko siku zote, kasi ambayo mazoezini ningebana breki. Jiwe la kwanza lilipiga kushoto, la pili kulia, na lile kubwa lilipiga kwa nguvu hadi meno yakagongana. Usukani ulikwenda upande na mimi nilidhani ndiyo basi, tena. Halafu nikahisi fimbo inakataa. Ilikataa taratibu, ikanirudishia usukani mikononi kama mtu anayekurudishia kitu ulichoangusha. Sikukufikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria jiwe linalofuata, na baada ya hilo hakukuwa na jiwe jingine.

Kona ya kwanza ya chini nililala karibu na ardhi nikaona sisimizi. Ya pili nilipita wima. Sattar, aliyebaki kwetu hadi siku ya mbio, alikuwa amepanda juu ya ukuta anapiga sufuria, sijui aliitoa wapi, na Mama alikuwa kwenye kiti chake akiwa ameikumbatia chupa ya chai kwa mikono yote miwili kama ndiyo iliyoshuka mlima.

Wa kwanza ni Taraneh wa Malayer, na alistahili, anashuka kama maji. Wa pili ni mimi. Walisoma majina kwenye kipaza sauti na jina letu la ukoo wakalitamka vibaya, Mama akaenda kuwasahihisha. Mazoezi ya timu ya mkoa yanaanza Jumamosi.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni kilichotokea baadaye. Tulikuwa tunakunywa chai. Taraneh akaja, akachuchumaa karibu na baiskeli, akapitisha kidole kwenye fimbo kutoka ncha hadi ncha. Akageuza usukani polepole, kisha ghafla, akacheka ilipokataa. Akasema, "Baiskeli nzuri hii. Sijawahi kuona kama hii."

Unajua mtu anapaswa kujibu nini. Hata mkono wangu ulikuwa umeshafika kifuani bila kuniuliza. Mama akaacha kumimina chai. Sattar akaacha kutafuna.

Nikaushusha mkono.

Nikasema, "Asante. Ni yangu."

Parastu